Kikombe cha Kuagia

Walianza kumzomea akiwa bado ng'ambo ya barabara.

"Mama Kikombe! Mkono wa Rajabu uko wapi?"

Mwantumu Singano alivuka, akapanda ngazi za jengo la zamani la mahakama ameubana mkoba kwapani, na umati ukamwachia njia nyembamba, ile ambayo mtu akipita lazima asuguane na watu wasiotaka kumgusa. Miaka minane jina hilo la Mama Kikombe lilikuwa jina la heshima Tanga nzima. Akienda sokoni muuza ndizi alimwongezea ndizi, na vijana walimwamkia kabla yeye hajawaona. Sasa muuza ndizi huyo huyo alikuwa amesimama ngazi ya tatu, na kelele zake zilizidi za wote.

Juu kabisa, mlangoni, alisimama Kidawa Mhando. Huyu alikuwa dereva wa bajaji, mwanamke wa maneno machache na makali, na ndiye aliyemlea mdogo wake Rajabu tangu mama yao alipofariki. Kila asubuhi ya uchunguzi wa ajali ya Rajabu alimleta mwenyewe, akamshusha, akamfunga kile kifungo cha shati ambacho mkono mmoja haukiwezi. Bajaji yake ilikuwa imeegeshwa chini pale, taa ya mbele imepasuka tangu wiki iliyopita.

"Umelala, Bi Mwantumu?" aliuliza.

"Kidawa, mwenzangu, naomba unipishe."

"Nimekuuliza umelala? Maana mdogo wangu halali. Anaamka anakuna vidole ambavyo havipo. Mimi mwenyewe umeninywesha kahawa yako kila Jumamosi, na yeye nyuma yangu kwenye foleni. Ukatuangalia usoni ukatuambia, 'Haya, nendeni salama.' Salama yenyewe ndiyo hii?"

Kidawa akasogea upande, lakini kidogo tu, ili mwenzake apite kwa kujipenyeza.

Kwa asiyelijua Bonde, mambo ni haya. Bonde ni gemu. Gemu za zamani zilichezwa kwenye kioo bapa, na mchezaji alikisia umbali kwa vivuli, kwa kitu kukua kadiri kinavyokuja, kwa cha mbele kukificha cha nyuma. Bonde linavaliwa. Ni lenzi mbili, kila jicho na yake, na kila jicho linapewa picha yake. Ndivyo Mungu alivyotuumba hata pasipo gemu: jicho la kulia linaona dunia kwa upande wake kidogo, la kushoto kwa upande wake, na ubongo unapima tofauti ya picha hizo mbili ukatoa kina. Macho ya binadamu yametengana kwa vidole vinne hivi. Waliotengeneza Bonde wakajiuliza, kwa nini vinne? Wakatengeneza picha kana kwamba mchezaji ana kichwa kipana kama mlango, na korongo likawa na kina cha kuwaliza watu wazima wenye ndevu zao. Unaruka kutoka jabali hadi jabali, mkuki unakujia, unaudaka hewani, na unaapa umeusikia ukipita sikioni.

Utamu wa Bonde ulikuwa hapo, na ubaya wake pia. Ubongo ni mwanafunzi mtiifu kupita kiasi. Ukiufundisha kwa saa moja kipimo cha jitu, unakishika. Ukivua lenzi, kipimo hicho kinabaki nawe kwa muda, na kitu kilicho kiganjani unakiona kiko hatua moja mbele.

Ndiyo maana kikawekwa kikombe. Kila mchezaji akitoka Bonde alikaa kwenye benchi mpaka macho yamrudie, kisha akaenda kwenye meza ya Mwantumu. Hapo aliinua dele la kahawa, akaliweka shibiri moja juu ya kikombe kile kidogo kisicho na mkono, akamimina bila kugusa. Akimwaga tone anarudi kwenye benchi nusu saa nzima, na wenzake wanamcheka: "Bado uko bondeni!" Akimimina viwili salama, cha tatu anammiminia aliye nyuma yake, anaaga, anaondoka. Watu walikipenda kikombe hicho kuliko hata gemu yenyewe. Kilichezewa ngoma harusini. Kikaingia mpaka kwenye sheria: aliyepita kikombe ana macho mazima, na likimpata la kumpata baada ya hapo, ni uzembe wake.

Mwantumu ndiye aliyekibuni, peke yake, na alijivunia.

Rajabu alipita kikombe Jumamosi moja, miezi minne nyuma. Alimimina vitatu, akaaga, akaenda zamu yake kwenye shamba la mkonge, kwenye ile mashine kubwa ya kukamua majani ambayo wenyeji huiita korona. Jani likakwama. Akaona mdomo wa mashine uko mbali, akanyoosha mkono wa kulia kulivuta jani. Mdomo haukuwa mbali.

Kama kikombe kilikuwa sahihi, basi Rajabu ni mzembe. Mzembe hatibiwi na shamba, hapewi mkono wa bandia, na jina lake linaandikwa mahali ambapo hakuna mwenye mashine atakayemwajiri tena mpaka anakufa. Hilo ndilo lililokuwa likiamuliwa ndani ya jengo lile.

*

"Bwana Rajabu," alisema wakili wa ukumbi wa Bonde, kijana aliyevaa vizuri kuliko adabu yake, "siku ile ulimimina vikombe vingapi?"

"Vitatu."

"Ulimwaga?"

"Hata tone."

"Basi macho yako yalikuwa yamekurudia."

"Hayakuwa yamenirudia."

Wakili aliwageukia watu kwenye viti, akainua mabega. "Mheshimiwa Mwenyekiti, labda huyu bwana atueleze. Mtu asiyeona umbali anammiminiaje kahawa jirani yake bila kumwunguza?"

Mwenyekiti, Bi Nakembetwa Mbwambo, alikuwa jaji mstaafu mwenye tabia ya kuvua miwani kila alipochoka na mtu. Aliivua. "Mwache ajibu."

Rajabu alikuwa na miaka thelathini na moja, mrefu, sauti ya chini. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelilalia paja. Wa kulia uliishia kwenye kiwiko, umefungwa kitambaa safi. "Kahawa inalia," alisema. "Ikianza kuingia inalia nene, ikipanda inalia nyembamba. Unasikiliza. Halafu pale ukumbini taa iko kushoto. Kivuli cha mdomo wa dele kinaangukia mezani. Kikipanda ukingo wa kikombe, ujue uko juu yake. Mbona kila mtu anajua? Tunafundishana kwenye benchi."

Kicheko kilipita kwenye viti vya nyuma.

"Kwa hiyo ulikidanganya kipimo," alisema wakili.

"Nilitaka kuwahi zamu."

"Ulidanganya."

"Sikujua kuwa ni kudanganya," alisema Rajabu. Alimtafuta Mwantumu kwa macho, akamwona. "Niliiga kwa Bi Mwantumu. Yeye akikuonyesha namna ya kumimina, anainamisha kichwa hivi, sikio mbele. Nikajua ndivyo inavyotakiwa."

Watu walicheka tena. Mwantumu alishika ukingo wa kiti. Alikuwa amekuja kusikia kijana mkaidi akijitetea, na badala yake amesikia mtu akimweleza yeye mwenyewe, kwa ufasaha, mbele ya kadamnasi.

Kwa sababu Mwantumu hakuwahi kuona kina maishani mwake.

Alizaliwa na makengeza. Alipofika miaka kumi na moja daktari aliyanyoosha macho yake, yakawa mazuri, yaliyonyooka, wachumba wakayasifu. Lakini ubongo ulikuwa umekwisha zoea kulisikiliza jicho moja kwa zamu, na tangu hapo haukuunganisha picha mbili kamwe. Watu waliposema kitu "kinajitokeza", yeye alidhani ni namna ya kusema tu, kama mtu anavyosema moyo umemruka. Kumimina kahawa alijifunza nyumbani kwao mwaka mzima, kwa kuungua vidole na kutukanwa na shangazi, mpaka akajua kusikiliza na kutazama kivuli. Akadhani ndivyo wanavyofanya wote. Akadhani hiyo ndiyo kazi ya macho.

Ukumbi ulipotafuta wapimaji, fomu iliuliza: macho yako mawili yanafanya kazi pamoja? Akaweka alama ya ndiyo, kwa maana alihitaji kazi na kwa maana macho yake yalikuwa yamenyooka. Kipimo cha vitone, kile cha kutaja kitone kipi kinajitokeza kwenye karatasi, alikipita kwa kuchezesha kichwa kidogo. Na walipomwambia abuni kipimo cha kuagia, kitu ambacho asiyeona kina hawezi kukifanya, alitafuta moyoni jambo gumu kuliko yote ambayo macho yaliwahi kumtaka. Hakudanganya pale. Alikitoa kile alichoamini.

Mwenyekiti alivaa miwani. "Tutapumzika. Mchana nataka kukiona hicho kikombe. Bi Singano atatumiminia hapa."

*

Ukumbi wa Bonde ulikuwa umefungwa kwa amri, lakini ufunguo wa jikoni Mwantumu alikuwa nao. Aliwasha jiko, akachemsha kahawa, akaijaza dele. Akapanga vikombe vitatu. Kisha akavua kilemba chake, akajifunga macho, akamimina.

Alipofungua, meza ilikuwa kavu. Akarudisha kahawa kwenye dele, akasogeza vikombe, akahamisha taa upande wa kulia, akajifunga tena, akamimina tena. Kavu. Mara ya tatu pia hakumwaga. Alikaa kwenye kigoda akaviangalia vikombe hivyo kwa chuki.

"Mazoezi hayo?" Sauti ilitoka mlangoni. Hizza, mwenye ukumbi, alikuwa mtu mnene mwenye mwendo mwepesi, asiyesikika akija.

"Kikombe hakipimi macho, Hizza. Kinapima masikio."

"Usiseme hivyo."

"Nimejifunga kitambaa. Nimemimina tisa. Angalia meza."

"Nimesema usiseme hivyo!" Alifunga mlango kwa kisigino. "Saa nane utasimama mbele ya yule bibi, utamimina vitatu, watapiga makofi, kijana ataonekana alivyo, na sote tutarudi makazini. Watu mia mbili wanakula kwa ukumbi huu. Unataka wakale nini, mkonge?"

"Macho yangu—"

"Najua habari za macho yako."

Mwantumu alimtazama.

"Unadhani mimi mjinga?" alisema Hizza. "Mwezi wako wa kwanza nilikurushia ufunguo mara tatu. Mara tatu ukakugonga kifuani. Mwenye macho mawili hudaka."

"Ulijua, ukaniacha niwapime watu?"

"Nilihitaji mpimaji ambaye Bonde haliwezi kumharibu. Wengine wote wakikagua lenzi saa moja ni lazima wapumzishwe. Wewe uliweza kuingia na kutoka kutwa kucha, kama mtu anayekwenda chooni. Kikombe chako kilipoanza kupendwa, nikasema Mungu kanipa."

"Basi na wewe umo."

"Mimi simo." Alitabasamu, na tabasamu hilo lilikuwa baya kuliko makelele. "Fomu za kila mwaka zina saini yako. Miaka minane. Ukifungua mdomo, anayefungwa ni Mwantumu Singano. Mficha maradhi kifo humuumbua, bibie, na mimi sitakuwepo kwenye mazishi."

Alivuta kiti, akaketi karibu mno, akapunguza sauti. Hapo ndipo alipokuwa hatari, maana alianza kusema mambo ya akili.

"Nisikilize. Hujaua mtu. Umekosea. Mwezi ujao tutaleta mashine ya kweli ya kupima, tutaiweka kimyakimya, kikombe kitabaki kwa ajili ya mila. Hakuna mwingine atakayeumia. Ukisema leo, unapata nini? Mkono wa yule hauoti."

"Jina lake?"

"Jina! Mtu mmoja, jina moja."

Mwantumu aliyageuza maneno hayo, na tusimpambe: yalimwingia. Aliogopa jela. Aliwaogopa wale wa kwenye ngazi, waliokuwa wakimzomea kwa kosa dogo, sijui wangefanyaje wakilijua kubwa. Alimkasirikia hata Rajabu, kwa nini aliharakia zamu. Yote hayo yalimpita kichwani akiwa ameshika dele lililoanza kupoa.

"Na waliokwisha kupita?" aliuliza mwishowe.

"Wamefanyaje?"

"Waliopita kwa sikio. Kabla ya Rajabu. Macho yao yalirudi?"

"Wako makwao, wazima."

"Umewapima?"

"Niwapime kwa nini?" alisema Hizza, akainuka. "Saa nane. Na vaa kilemba chako vizuri, unafanana na kichaa."

*

Saa nane viti vilijaa, na waliokosa viti walisimama ukutani. Karani wa mwenyekiti aliweka meza katikati. Wakili akaleta dele na vikombe vitatu, akavipanga kwa madaha, kama mganga anayepanga vibuyu vyake.

"Bi Singano," alisema Bi Mbwambo, "tuonyeshe."

Mwantumu alisimama mbele ya meza. Hizza alikuwa mstari wa kwanza, mikono tumboni. Kidawa na Rajabu walikaa upande wa pili, na Kidawa alimtazama kwa jicho la mtu anayesubiri nyoka atoe kichwa.

"Mheshimiwa," alisema Mwantumu, "naomba nifungwe macho."

Wakili aliruka. "Napinga! Hiyo haimo kwenye utaratibu!"

"Keti," alisema Bi Mbwambo.

Mwantumu alimgeukia Kidawa. "Dada, nisaidie mtandio wako. Nikijifunga kwa kilemba changu watasema nimechungulia."

"Sikupi kitu changu."

"Basi nifunge wewe mwenyewe. Kaza unavyotaka."

Kidawa akasimama, akavua mtandio mabegani, akaja nyuma yake, akamfunga. Alikaza. Alikaza mpaka kope za Mwantumu zikauma na nywele za kisogoni zikang'oka, na alipomaliza akamnong'oneza, "Ukitufanyia kiinimacho hapa, nitakung'oa hayo macho mbele ya jaji."

Giza. Mwantumu alipapasa kikombe cha kwanza mara moja, akakijua kilipo, akaondoa mkono. Akainua dele shibiri moja. Watu walinyamaza kwa hamu ya kumwona akiaibika, na ukimya huo ulimsaidia. Kahawa ilianguka. Ililia nene, ikapanda, ikawa nyembamba. Akakata. Akahamia cha pili. Ikalia, ikapanda, akakata. Cha tatu hivyo hivyo.

"Karani," ilisema sauti ya Bi Mbwambo, "meza ikoje?"

Zilisikika hatua. "Kavu, Mheshimiwa."

Watu wa nyuma walianza kupiga makofi, wale wasioelewa upesi. Makofi yakafa yenyewe.

"Hicho ndicho kipimo tulichowapa," alisema Mwantumu, bado kitambaa machoni. "Kama mtu asiyeona kabisa anakipita, basi hakikupima macho ya mtu yeyote. Rajabu hakudanganya. Alifanya kama nilivyomfundisha. Mimi sijawahi kuona kina tangu kuzaliwa. Macho yangu hayaungani. Kila mwaka niliandika kwamba yanaungana."

"Mwongo huyo!" Hizza alikuwa amesimama; Mwantumu alijua kwa kiti kilivyolia. "Alighushi fomu! Mheshimiwa, ukumbi umetapeliwa, huyu mwanamke ni mhalifu!"

"Ndiyo, nilighushi," alisema Mwantumu. "Naye alinirushia ufunguo mara tatu nikashindwa kuudaka, akanyamaza. Muulizeni kwa nini."

Kelele zilizofuata ni za aina ambayo haiandikiki. Kuna aliyerusha kiatu, kikamgonga begani. Kuna aliyemtaja mama yake kwa neno chafu. Bi Mbwambo aligonga meza mpaka sauti ikamkauka. Mwantumu alifungua mtandio, akasimama akipepesa macho kwenye mwanga. Alikuwa ameshika kikombe cha tatu. Ilikuwa mazoea tu; mkono ulikichukua wenyewe, kwa kuwa cha tatu ni cha aliye nyuma yako.

Aliye nyuma yake alikuwa Kidawa.

"Kanywe mwenyewe," alisema Kidawa.

"Nipe mimi," alisema Rajabu.

"Rajabu! Usinywe kitu cha mwanamke huyu!"

"Dada, nimekaa tangu asubuhi, koo limenikauka. Na amesema ukweli. Bi Mwantumu, kiweke hapo mezani, nitakifikia."

Mwantumu alikiweka mbele yake, mahali ambapo hata mtoto angekifikia. Rajabu alinyoosha mkono wake wa kushoto, kwa uhakika, akikitazama kikombe. Vidole vilikuwa bado vimefumbwa vilipokigonga. Kikombe kikaruka, kikaanguka sakafuni, kahawa ikamwagikia viatu vya karani.

"Samahani," alisema Rajabu, akacheka kwa haya. "Mkono huu wa kushoto bado sijauzoea."

Hakuna aliyecheka naye. Bi Mbwambo alikuwa amevua miwani, lakini safari hii si kwa kuchoka.

"Mwanangu," alisema polepole, "mara ya mwisho kuvaa zile lenzi ilikuwa lini?"

"Siku ile ile niliyoumia. Miezi minne sasa."

"Na hicho kikombe ulikiona kiko wapi?"

Rajabu alionyesha hewani, mbali kidogo na pale kilipokuwa kimewekwa. Kisha akaushusha mkono taratibu, kwa kuwa alikuwa ameona nyuso zao. "Nilidhani ni mkono," alisema tena, na sauti yake haikuwa na haya tena, ilikuwa na woga.

Sasa Mwantumu alielewa. Miaka minane waliambiana kwamba macho yanarudi baada ya nusu saa, saa moja, mkaidi sana saa mbili. Waliambiana hivyo kwa sababu baada ya muda huo watu walimimina bila kumwaga.

"Bi Singano. Waliopita kikombe chako ni wangapi?"

"Elfu kumi na moja na zaidi, Mheshimiwa."

Bi Mbwambo aliwageukia watu. "Humu ndani. Yeyote aliyewahi kumimina kahawa ile, anyooshe mkono."

Kwa muda hapakuwa na aliyetaka kuwa wa kwanza. Halafu karani mwenyewe, viatu vimelowa, akanyoosha. Askari wa mlangoni akanyoosha. Muuza ndizi. Kijana mmoja aliyevaa sare ya zimamoto. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Wakili, hilo ndilo lililowashangaza wengi, akanyoosha nusu, hadi usawa wa bega. Mikono ilipanda safu baada ya safu, na Hizza, ambaye hakuwahi kuvaa lenzi hata siku moja, alikuwa karibu peke yake mwenye mikono yote miwili mapajani.

Kidawa hakunyoosha. Alikuwa ametazama dirishani, chini, kwenye bajaji yake na ile taa iliyopasuka. Wiki iliyopita alimwambia Rajabu kwamba nguzo ya geti ilisogea, akasema kwa utani, wote wawili wakacheka.

Alifungua kiganja. Aliutazama ufunguo wa bajaji kwa muda mrefu, kisha akausogeza karibu na uso, kisha akausukuma mbali, na akaurudisha karibu. Akauweka mezani mbele ya Mwantumu, kwa uangalifu, akipapasa ukingo wa meza kwanza kwa mkono wa pili.

"Haya, Mama Kikombe," alisema. "Nani atatupeleka nyumbani?"